Dereva Akishuka, Gari Litafika?

JUMATATU, Julai 1, 2019, Wakenya waliamka na habari za msiba. Bob Collymore, mkurugenzi mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, alikuwa ameaga dunia nyumbani kwake Nairobi baada ya kuugua saratani ya damu. Baada ya rambirambi lilizuka swali: je, kampuni itakuwaje bila yeye?

Swali hilo si la matajiri wa Nairobi pekee. Mkulima wa viazi kule Molo hulipwa kwa simu. Kibarua wa shamba la maua Naivasha hutuma karo kwa simu. Naye wakala wa M-Pesa katika barabara ya Kenyatta, mjini Nakuru, hulisha watoto wake kutokana na kamisheni. Kampuni hiyo ikiyumba, sufuria nyingi za huku Bonde la Ufa zitakosa unga.

Haikuwa mara ya kwanza swali hilo kuulizwa. Michael Joseph alipoanza kuiongoza Safaricom mwaka 2000, wateja hawakutimia 20,000. Alipong'atuka Novemba 2010, walikuwa wamepita milioni 16. M-Pesa ilizaliwa mikononi mwake Machi 2007. Machafuko yalipozuka Nakuru na Naivasha Januari 2008, waliojifungia majumbani walitumiwa kredi na fedha na jamaa zao kwa njia ya simu. Mwaka huo huo, wananchi wa kawaida walinunua hisa za kampuni kwa shilingi 5 kila moja, na kwa miaka kadhaa wakaziona zikishuka chini ya bei hiyo. Kwa hiyo, mzee huyo alipoaga, wengi walikuwa na sababu ya kushika tama.

Hata hivyo, gari halikuzimika. Collymore alitangazwa mapema kabla ya Joseph kuondoka, na chini yake ikaja M-Shwari mwaka 2012, mwananchi akaweza kuweka akiba na kukopa kwa simu.

Mwaka 2019 mambo hayakuwa mepesi. Mkataba wa Collymore ulikuwa umeongezwa mwaka mmoja, na kifo kilipobisha hodi mrithi hakuwa tayari. Ilibidi Joseph, aliyekuwa bado katika halmashauri ya kampuni, arudi kushika usukani kwa muda. Peter Ndegwa, Mkenya wa kwanza kuteuliwa kushika wadhifa huo, aliingia Aprili 1, 2020, wakati korona ndiyo kwanza inaingia nchini. Oktoba 2022 kampuni ilizindua huduma zake nchini Ethiopia.

Sasa, msomaji, tutazame jirani yetu wa karibu. Duka la Tuskys lilianzia Rongai, hapa hapa Nakuru, kwa jasho la mzee Joram Kamau. Mzee alifariki mwaka 2002. Duka lilikua na kuenea nchi nzima, lakini baadaye wanawe walivutana hadi mahakamani. Madeni nayo yakazidi, na kufikia mwaka 2021 karibu matawi yote yalikuwa yamefungwa. Wafanyakazi wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Tofauti ni nini? Si kwamba Safaricom ilipata malaika wa kuiongoza. Ni kwamba kampuni hiyo haikuwa mali ya sebule ya mtu mmoja. Serikali, Vodafone na wananchi waligawana hisa, na halmashauri ndiyo iliyoteua kiongozi. Hata ilipokutwa haijajiandaa, palikuwa na mahali pa kukaa na kuamua, na mtu aliyeijua kazi.

Somo hili linamfaa hata mama mwenye kioski mtaani Free Area, au baba mwenye duka la pembejeo mjini Njoro. Ukilazwa hospitali kesho, ni nani mwingine awezaye kulisoma daftari lako la madeni? Nani anamjua anayekuuzia bidhaa kwa jumla? Nani mwingine anaruhusiwa kutia sahihi benki?

Wengi wetu huogopa mazungumzo hayo, tukidhani ni kujitabiria kifo. La hasha. Ni heri kuyazungumza leo jioni mezani, wote mkiwa wazima, kuliko watoto kuja kuyazungumza mbele ya hakimu.