Mgeni kwa Mbu wa Kwao

Mwezi Mei ukifika, vijana wetu waliokwenda nje kwa mipango ya kubadilishana wanafunzi huanza kufunga mizigo. Mpango wa Kennedy-Lugar YES, ulioanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 2002, umekuwa ukichukua pia wanafunzi wa sekondari wa Tanzania wakaishi na familia za kule kwa mwaka mmoja wa masomo, na mwaka huo kwa kawaida huisha Juni. Kufikia hapo simu imeshajaa maagizo: viatu vya mdogo wake, miwani ya bibi, chaja ya mjomba. Huku Korogwe watu wanapanga nani ataenda kumpokea na nani atalala wapi. Malaria haimo katika mazungumzo hayo, na mimi naomba iingizwe, tena mapema.

Juni ni mwezi mbaya kwa jambo hili. Masika yametoka kukatika, madimbwi ya bonde la Lwengera na kandokando ya mto Pangani hayajakauka, na wagonjwa wa malaria huongezeka katika wiki hizo. Kalenda ya shule za ng'ambo inamleta kijana nyumbani wakati ambao mbu wana vimelea kuliko miezi mingi ya mwaka.

Ukisema hivyo utajibiwa: huyu ni mtoto wa hapa, amekulia na hao mbu. Jibu hilo limewagharimu watu wengi.

Kinga ya malaria haiko kama ya surua, ambayo ukiugua mara moja umemaliza. Plasmodium falciparum, kimelea kinacholeta sehemu kubwa kabisa ya malaria yetu, huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kuotesha juu yake protini inayoifanya inate kwenye kuta za mishipa midogo. Ikinata kwenye mishipa ya ubongo, hapo ndipo mgonjwa anapopoteza fahamu. Kimelea kina jeni takriban 60 za kutengeneza protini hiyo na huzibadilisha zamu kwa zamu, kama mwenye kanga 60 sandukuni: umemtambua kwa ya leo, kesho kajitanda nyingine. Mwili wa mtoto hujifunza moja baada ya nyingine, kwa kuugua tena na tena. Ndiyo maana utamkuta mtu mzima wa kijijini ana vimelea kwenye damu na yuko shambani analima, hana hata homa. Kinga yake haizuii kuambukizwa. Inapunguza makali tu, na ili idumu inahitaji kuchokozwa mara kwa mara.

Sasa mchukue huyo umpeleke mahali pasipo na malaria. Algeria ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeimaliza malaria mwaka 2019, China mwaka 2021, Misri mwaka 2024, na kote huko wamo Watanzania wanaosoma. Marekani ilishaimaliza tangu mwaka 1951. Kingamwili zilizokuwa zikichochewa na mbu wa nyumbani huanza kupungua ndani ya miezi. Hazifutiki zote, mwili hubaki na kumbukumbu fulani, na Mwafrika aliyeishi Ulaya miaka mingi mara nyingi hazidiwi haraka kama Mzungu ambaye hajawahi kuugua. Lakini anaumwa, na wengine hufa. Katika hospitali za Ulaya, sehemu kubwa ya wagonjwa wa malaria iliyotoka nje ni Waafrika waliokwenda kwao kusalimia ndugu, wakaona hawana haja ya kujikinga.

Kuna sababu ya pili ya kijana huyu kuwa hatarini, na hii ni ya kwetu hasa. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo Korogwe, na kwa miaka mingi watafiti wake wamefuatilia malaria vijijini wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Vipimo walivyofanya kwa watoto na vijana wa Mkokola, kijiji cha tambarare, vilionyesha kwamba mwaka 2003 watu 78 katika kila 100 walikuwa na vimelea; mwaka 2008 walibaki 13. Kwamasimba, kijiji cha mlimani, walishuka kutoka karibu 25 hadi 3. Hayo ni mafanikio makubwa, nami nayafurahia kwa moyo wote. Ila yana maana yake: kijana anayerudi leo akiwa na miaka 17 alizaliwa malaria ikiwa tayari inashuka. Hakuugua kama mama yake alivyougua, kwa hiyo hata siku aliyopanda ndege hakuwa na kinga ya mama yake. Na kama kwao ni Bungu, juu kwenye baridi ambako mbu wa malaria ni wachache, alikuwa nayo kidogo zaidi kuliko mwenzake wa Mombo, kule tambarare. Mzazi anayesema "sisi tulikuwa tunameza vidonge tunaendelea na kazi" anasimulia mwili wake, si wa mwanawe.

Maandalizi yaanze huko huko aliko, wiki tatu au nne kabla ya safari. Anayekuja likizo na kurejea chuoni ameze dawa za kujikinga kama mgeni mwingine yeyote. Anayerudi moja kwa moja hawezi kuzimeza maisha yake yote, lakini amuulize daktari wa kliniki ya wasafiri kama inafaa azitumie kwa wiki za mwanzo. Mwanafunzi mjamzito asipande ndege bila mazungumzo hayo, kwa sababu mimba huiongezea malaria ukali.

Nyumbani, kazi ya kwanza ni chandarua chenye dawa. Kijana akifika hupewa kitanda cha chumba cha wageni, au hulala na binamu zake sebuleni kwenye godoro la chini, na vyandarua vya nyumba tayari vina wenyewe. Kitafutwe cha kwake kabla hajafika, kifungwe, kikaguliwe matundu. Barazani watu watakaa hadi usiku wa manane wakisikiliza habari za ng'ambo; avae suruali ndefu na ajipake dawa ya kufukuza mbu.

Kisha wenyeji wake wahesabu siku. Tangu mbu kumuuma mtu hadi homa, falciparum huchukua angalau siku 7, mara nyingi 9 hadi 14. Kwa hiyo homa huja shamrashamra zikiwa zimekwisha, na huitwa uchovu wa safari, mabadiliko ya chakula, au ile "U.T.I. na taifodi" tunayoandikiwa kila mara. Apelekwe akapimwe siku hiyo hiyo, hospitali ya Magunga au zahanati yoyote iliyo jirani. Kipimo kikionyesha hana malaria na homa ikaendelea, kirudiwe. Akikutwa nayo, dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, dozi ya pili ikifuata baada ya saa 8, na zimezwe na chakula chenye mafuta au maziwa ili zifyonzwe vizuri. Wengi huacha siku ya pili homa ikishuka, vimelea vikiwa bado vimo. Akitapika kila kitu, akichanganyikiwa, akipata degedege au mkojo ukawa mweusi, vidonge havitoshi tena. Anahitaji sindano ya artesunate hospitalini.

Kwa wageni waliokuja kusoma kwetu na sasa wanaaga, hesabu ni hiyo hiyo ikigeuzwa. Wengi huacha dawa za kujikinga siku wanayopanda ndege, wakati doksisaiklini hutakiwa kuendelea kwa wiki nne baada ya kuondoka na atovakwoni-proguanili kwa siku saba. Mwenyeji amkumbushe mgeni wake, na amwambie pia kwamba akipata homa ndani ya miezi mitatu, sentensi ya kwanza kwa daktari wa kwao iwe: nimetoka Tanzania.