Fahamu: Maumivu ya kichwa yanayoanzia shingoni

Chanzo chake ni viungo na misuli ya juu ya shingo, ila huumiza kichwa, aghalabu upande mmoja, kutoka kisogoni hadi nyuma ya jicho.

Kwa nini kichwa?

Mishipa ya fahamu ya shingo na ya uso hukutana karibu na shina la ubongo, hivyo ubongo huchanganya chanzo.

Tiba ya viungo

Mtaalamu hulegeza shingo kwa mikono, kisha hufundisha mazoezi mepesi: unalala chali, unainamisha kidevu taratibu kama anayeitikia "ndiyo", unashikilia sekunde 10. Utafiti wa Australia wa 2002, wenye wagonjwa 200, ulionyesha nafuu iliyodumu mwaka mzima.

Wahi hospitali

Maumivu yakija ghafla na kwa ukali, au pamoja na homa na shingo kukakamaa, usikubali kukandwa kabla ya kumwona daktari.