Lakabu ya Karafuu: Jina na Usanii wa Ben Kingsley

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuulizwa mitihanini tutofautishe majazi na lakabu. Majazi, tumefunzwa, ni jina ambalo mtunzi humpa mhusika likaafiki tabia yake. Lakabu ni jina la kupangwa, ambalo mtu hujipa au hupewa na wenzake kwa sababu ya sifa au tendo fulani. Aghalabu mbinu hizi huwa tunazisaka katika riwaya na tamthilia, kana kwamba walimwengu halisi hawana haja nazo. Makala haya yanadhamiria kuichunguza lakabu moja iliyotoka katika soko la karafuu la Zanzibar ikaishia kwenye mabango ya filamu kote duniani, bila watazamaji wengi kujua ilikotoka. Mwenye kuibeba ni mwigizaji wa filamu na runinga wa Uingereza, Ben Kingsley.

Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1943 katika kijiji cha Snainton, Yorkshire, akaitwa Krishna Pandit Bhanji. Mamake alikuwa Mwingereza aliyewahi kuwa mwigizaji na mwanamitindo. Babake, Rahimtulla Harji Bhanji, alikuwa daktari. Alizaliwa hapa Kenya katika jamii ya Makhoja wa madhehebu ya Ismailia wenye asili ya Gujarat, akalelewa Zanzibar, kisha akavuka kwenda Uingereza akiwa na umri wa miaka 14. Kilichoipeleka familia Zanzibar ni biashara. Tangu karne ya 19 visiwa hivyo vilikuwa vimelitawala soko la karafuu duniani, na wafanyabiashara kutoka Gujarat walikuwa na sehemu kubwa katika ununuzi, usafirishaji na ukopeshaji wa fedha. Babu yake Krishna alikuwa miongoni mwa waliofanikiwa katika biashara ya viungo hata akalakabiwa kwa Kiingereza King Clove, yaani Mfalme wa Karafuu. Lakabu hii tuiweke akiba.

Krishna alikulia Pendlebury, karibu na Salford, na kusoma katika shule ya Manchester Grammar. Katika miaka ya 1960 alianza kutafuta kazi ya uigizaji. Amesimulia mwenyewe kwamba alifika mbele ya jopo la usaili kwa jina la Krishna Bhanji, akasifiwa sana, kisha akaambiwa kwamba hawakujua wangemweka wapi katika msimu wao. Alipobadilisha jina na kujiita Ben Kingsley, alifanya usaili ule ule, naye akaulizwa angeweza kuanza kazi lini. Mtu ni yule yule, sauti ni ile ile, maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni silabi chache tu juu ya karatasi.

Hapa msomaji atatukumbusha kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Je, kijana huyu hakukana kwao? Ni swali zito, na halijibiwi kwa kusema kwamba waigizaji wengi wa enzi hiyo walibadilisha majina. Ni kweli walibadilisha: Cary Grant alizaliwa Archibald Leach, naye Michael Caine alizaliwa Maurice Micklewhite. Lakini hao waliacha majina ya Kiingereza wakachukua mengine ya Kiingereza yaliyokaa vyema mdomoni. Bhanji alitakiwa kuficha asili. Ila tazameni alivyoificha! Kwa maelezo yake, Ben lilitokana na jina la utani ambalo babake aliitwa shuleni, na Kingsley likatokana na King Clove, lakabu ya babu. Masikio ya waajiri yalisikia jina la Kiingereza. Mwenyewe alijua kwamba amejitanda baba na babu. Kwa maoni yetu, huyo hakukataa kwao. Aliwapitisha wazee wake mlangoni wakiwa wamevaa makoti ya kigeni. Tukiri hata hivyo kwamba aibu ya mlango huo haifutiki kwa werevu wa aliyeupita.

Jukwaani alipata malezi ya hali ya juu. Baada ya kuonekana kidogo katika mfululizo wa runinga wa Coronation Street, alijiunga na Royal Shakespeare Company mwaka 1967. Alikuwemo katika uigizaji mashuhuri wa A Midsummer Night's Dream ulioelekezwa na Peter Brook mwaka 1970, na mwaka 1975 akawa Hamlet chini ya mwelekezi Buzz Goodbody. Filamu yake ya kwanza, Fear Is the Key, ilitoka mwaka 1972, kisha miaka kumi hivi ikapita kabla ya sinema kumkumbuka kwa dhati.

Ilipomkumbuka, ilimwita kwa jina aliloliacha. Mwelekezi Richard Attenborough alikuwa amehangaika kwa takriban miaka 20 kutafuta fedha za kutengeneza filamu kuhusu Mohandas Gandhi, ambaye naye alikuwa mzaliwa wa Gujarat. Kingsley alipochaguliwa, wapo walionung'unika kwamba Mwingereza hafai kuigiza baba wa taifa la India. Manung'uniko hayo yana kinaya kikali: kijana aliyeonekana Mhindi mno asipate nafasi jukwaani Uingereza sasa alionekana Mwingereza mno.

Upigaji wa filamu ulianza nchini India mwezi Novemba 1980. Kingsley, ambaye hakuwa ametimiza miaka 37, alipaswa kumwonyesha Gandhi tangu uwakili wake wa ujana Afrika Kusini, alikotupwa nje ya gari la moshi mwaka 1893, hadi kuuawa kwake mwaka 1948 akiwa na miaka 78. Onyesho la mazishi lilipigwa tarehe 31 Januari 1981, miaka 33 kamili baada ya mazishi yenyewe, mbele ya umati unaokadiriwa kufikia watu 300,000. Lakini ukubwa wa umati si hoja yetu. Ubora wa uigizaji uko katika mwendo. Katika sehemu za mwanzo Gandhi wa Kingsley ana shingo ngumu ya wakili na suti iliyombana. Kadiri nguo zinavyopungua ndivyo mwili unavyozidi kutulia, hata mwishoni fimbo na hatua fupi zinatosha kumtambulisha. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1982, ikatwaa tuzo 8 za Oscar. Kingsley alishinda ile ya mwigizaji bora wa kiume, akiwapiku Paul Newman, Dustin Hoffman, Jack Lemmon na Peter O'Toole.

Ushindi wa namna hiyo ungeweza kumfunga. Yeye alikwepa. Mwaka 1985 aliigiza Othello jukwaani, na katika runinga akawa Silas Marner, mfumaji mpweke wa riwaya ya George Eliot (mwandishi wa kike aliyejificha naye nyuma ya jina la kiume!). Mwaka 2000, katika Sexy Beast, alikuwa Don Logan, jambazi mwenye matusi ya kuunguza masikio, kinyume kabisa cha Gandhi. Aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo.

Kazi tunayoithamini zaidi, hata hivyo, ni ile ya Schindler's List ya mwaka 1993, ambamo yeye ni Itzhak Stern, mhasibu Myahudi. Stern hapazi sauti. Anaketi mbele ya taipureta huku Schindler akimtajia majina, na kila jina linalopigwa ni roho inayookolewa. Kwa muda mrefu alikuwa amekataa kinywaji cha bosi wake. Usiku anaoambiwa kwamba siku zimekwisha ndipo anasema afadhali anywe sasa. Machozi yako machoni, mikono imetulia. Mwigizaji dhaifu angelia.

Si kila kazi ilifaulu. The Love Guru ya mwaka 2008, ambamo aliigiza kiongozi wa kiroho wa Kihindi kwa mzaha, ilikemewa na wahakiki wengi, nasi hatuitetei. Zaidi ya hayo, mtu aweza kuuliza kama sinema haikumgeuza kuwa mgeni wa kila kabila: Mwirani, Kalasinga, Myahudi. Hoja hiyo ina uzito. Ila mtazameni kanali Behrani wa House of Sand and Fog ya mwaka 2003, Mwirani aliyekimbilia Marekani, anayefanya kibarua cha barabarani mchana kisha akavaa suti kabla ya kurejea nyumbani. Sidhani ni wengi ambao wangeijua siri ya suti hiyo kama alivyoijua mwana wa Bhanji.

Alitunukiwa hadhi ya Sir katika orodha ya heshima ya Mwaka Mpya wa 2002. Kizazi kilichofuata hakikulazimika kujificha vile: Dev Patel, ambaye wazazi wake walizaliwa Nairobi, anang'aa kwa jina lake mwenyewe.

Katika Hugo ya mwaka 2011, Kingsley ni mzee mkali anayeuza vitu vya watoto vya kuchezea katika stesheni ya Paris, asiyetaka kabisa kukumbushwa alikuwa nani zamani. Watoto wawili wanakitengeneza kibonzo cha chuma kilichoharibika. Kinashika kalamu, kinachora mwezi uliochomwa jicho kwa roketi, kisha, pembeni mwa mchoro, kinatia sahihi ya jina ambalo mzee amelizika: Georges Méliès.