Kasese: Mguu wa mwanafunzi umeteguka au umevunjika?

Katika Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, watoto wengi husoma na kucheza kwenye miteremko ya Milima ya Rwenzori. Mmoja wao anapoumia kifundo cha mguu, muuguzi wa shule hukabiliwa na uamuzi mgumu: ampumzishe shuleni, au amsafirishe hospitalini, kama ile ya Bwera iliyo karibu na mpaka wa Kongo, akapigwe eksrei?

Uvimbe peke yake hautoi jibu. Mwongozo unaotumika sana duniani ulichapishwa mwaka 1992 na madaktari wa Ottawa, nchini Canada. Muuguzi hubonyeza sehemu 4: mifupa miwili inayochomoza pande zote za kifundo, akipapasa ukingo wa nyuma kuanzia nchani hadi sentimita 6 juu, mfupa uliojitokeza katikati ya ubavu wa nje wa wayo, na ule ulio juu ya upinde wa wayo, upande wa ndani. Kisha humwomba mtoto apige hatua 4, hata kwa kuchechemea. Mfupa mmojawapo ukiuma unapobonyezwa, au ikiwa mtoto alishindwa kupiga hatua hizo alipoumia na bado anashindwa, eksrei inahitajika.

Hata hivyo, mwongozo huo ulitungwa kwa ajili ya watu wazima, ingawa baadaye ulijaribiwa kwa watoto pia. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna gegedu ambamo mfupa hurefukia, nalo laweza kuwa dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Jeraha lake huenda lisionekane kwenye eksrei, na likipuuzwa, mguu waweza kukua ukiwa umepinda au mfupi. Ndiyo maana maumivu ya mfupani hayapaswi kuitwa mteguko kwa haraka.

Wakati wa kusubiri, mguu usikandwe wala kuvutwa. Uinuliwe, uwekewe kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15 hivi, na ufungwe banzi. Wayo ukiwa wa baridi, umepauka au umekufa ganzi, mguu ukiwa umepinda, au mfupa ukitokeza jerahani, safari ya hospitali isicheleweshwe.

Mtoto aliyebaki shuleni apimwe tena kesho yake. Akiwa bado hawezi kuukanyagia mguu, naye apelekwe.