Mfugaji nyuki chipukizi asifungue mzinga bila moshi

MKULIMA wa Kapseret anayeamua kutundika mzinga wake wa kwanza huwa tayari amegharamika. Amenunua mzinga wenyewe, vazi la kinga, glavu na buti, na mfuko wake umeanza kutoboka. Hapo ndipo hujiuliza iwapo kweli analihitaji bomba la moshi, kile chombo cha bati chenye mvukuto mdogo ubavuni kinachotumiwa kuwafukiza nyuki, au anaweza kungoja hadi atakapouza asali ya kwanza ndipo alinunue.

Swali hilo hutiwa nguvu na kanda za video zinazosambaa kwenye intaneti, zikiwaonyesha wafugaji wa Ulaya na Marekani wakiinua masega kwa mikono mitupu, bila moshi wala glavu. Anayezitazama akiwa Kapseret anaweza kudhani kwamba moshi ni mazoea ya wazee tu.

Jibu lake ni hili: siku ya kutundika mzinga mtupu, bomba la moshi halihitajiki. Lakini siku ya kwanza ya kuufungua mzinga wenye nyuki, ni sharti liwepo, tena likiwa limewashwa.

Nyuki si wale wale

Sababu ya kwanza ni aina ya nyuki. Wafugaji wa Ulaya kwa miaka mingi wamekuwa wakichagua na kuzalisha makundi ya nyuki wapole. Nyuki wa Afrika Mashariki hawakupitia mchujo huo. Wameishi wakiandamwa na nyegere, siafu, moto wa nyika na binadamu mwenye shoka, na waliosalia ni wale waliojua kujihami kwa haraka na kwa wingi.

Ulimwengu ulilitambua jambo hilo kwa njia chungu. Mnamo 1956, mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka nchini mwake malkia wa nyuki kutoka Afrika kwa nia ya kuongeza mavuno ya asali. Mwaka uliofuata baadhi ya makundi yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wenye asili ya Ulaya na kusambaa katika bara hilo hadi kuingia Marekani mwaka wa 1990. Ukali uliowashtua watu wa huko ndio hulka ya kawaida ya nyuki anayeingia katika mzinga wa mkulima wa Uasin Gishu.

Ni kweli kwamba nyuki wa misitu ya milima mirefu, kama vile Mlima Kenya, huelezwa kuwa watulivu zaidi. Hata hivyo, mkulima anayengoja nyuki waingie wenyewe katika mzinga aliopaka nta hachagui wageni wake.

Moshi hufanya nini?

Nyuki anapouma au kutishwa, hutoa kemikali ya kuwatahadharisha wenzake. Wanasayansi waliitambua kemikali kuu miongoni mwa hizo mwaka wa 1962, nayo ni isoamili asetati, yenye harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Kila nyuki anayeinusa hujiunga na vita, na kila anayeuma huacha harufu hiyo mwilini mwa aliyeumwa, ikawa kama alama ya kuwaelekeza wengine. Ndiyo maana mwiba mmoja huzaa kumi, na kumi huzaa mia.

Moshi hukata mawasiliano hayo. Hupunguza uwezo wa vipapasio vya nyuki kunasa harufu ya hatari, na hali hiyo hudumu kwa dakika chache kabla hawajarejea hali yao ya kawaida. Aidha, nyuki wengi wanaofukizwa hukimbilia masega na kujijaza asali, kana kwamba wanajiandaa kuhama kuukwepa moto.

Hivyo basi, moshi hauwalevyi nyuki wala hauwalazi, bali huchelewesha ujumbe. Ukitolewa baada ya nyuki kukasirika, utakuwa umechelewa. Hapa ndipo wengi hukosea: hufungua mzinga kwanza, kisha hutafuta kiberiti wakati hali imekwisha kuharibika.

Wapo wanaopendekeza kinyunyizio cha maji badala ya moshi. Huenda kikafaa kwa nyuki wapole wa Ulaya, lakini matone ya maji hayawezi kuziba harufu ya hatari katika mzinga uliojaa nyuki wa Kiafrika.

Vazi pekee halitoshi

Baadhi ya wanaoanza huamini kwamba wakijifunika toka utosini hadi unyayoni wamekwisha kujikinga. Wanasahau kwamba vazi humkinga aliyelivaa peke yake.

Eneobunge la Kapseret lina wadi za mashamba kama vile Ngeria na Megun, lakini pia lina Langas, mtaa wenye nyumba zilizobanana pembezoni mwa Eldoret. Hata mashambani, ardhi imegawanywa vipande vidogo vidogo, na ng'ombe wa maziwa aliyefungwa kambani huwa hatua chache tu kutoka ua wa jirani. Kundi la nyuki likichokozwa bila kutulizwa, mwenye vazi hurudi nyumbani salama huku mtoto wa jirani, mpita njia au ndama wakilipia kosa lake. Kwa mtu ambaye mwili wake hauvumilii sumu ya nyuki, mwiba mmoja tu unaweza kumuua.

Kijinga cha moto si bomba

Jamii za Bonde la Ufa, wakiwemo Waogiek wa msitu wa Mau, wamerina asali kwa moshi tangu jadi. Moshi, kwa hiyo, si jambo geni lililoletwa na wazungu. Kilichoongezwa na bomba ni uwezo wa kuudhibiti.

Mwenge unaowaka miali huunguza nyuki na watoto wao, hutia masizi kwenye asali na huweza kuuteketeza mzinga. Kundi lililosumbuliwa hivyo huhama, na nyuki wa Kiafrika hawahitaji sababu kubwa ili kuhama. Fauka ya hayo, miezi ya kiangazi, kuanzia Desemba hadi Februari, ndiyo wakati mabua na nyasi zimekauka. Cheche moja yaweza kugharimu shamba zima.

Bomba lenyewe hutiwa vitu ambavyo havikosekani Kapseret: magunzi makavu ya mahindi, kinyesi cha ng'ombe kilichokauka au vipande vya gunia la katani. Juu yake huwekwa majani mabichi ili kupoza moshi na kuzuia cheche. Plastiki, mafuta ya taa na mbao zilizopakwa rangi au dawa zisitumike kamwe, kwani moshi wake ni sumu kwa nyuki na huharibu asali.

Namna ya kulitumia

Kazi hufaa zaidi alasiri ikielekea jioni, ili giza liwatulize nyuki baada ya mzinga kufungwa. Bomba liwashwe kabla ya kuvaa glavu, na mfugaji ahakikishe linatoa moshi mweupe usiochoma akiupuliza nyuma ya mkono wake.

Kisha asimame ubavuni mwa mzinga, apulize mara mbili au tatu mlangoni, na kungoja dakika moja au mbili kabla ya kufungua. Baada ya hapo, moshi kidogo kidogo unatosha kila nyuki wanapoanza kujipanga vichwa juu wakimkodolea macho. Moshi ukizidi huwavuruga nyuki na kuiachia asali harufu inayowafukuza wanunuzi. Ndoo ya masega yaliyovunwa iwe imefunikwa wakati wote.

Aina ya mzinga pia ni muhimu. Mzinga wa Kenya Top Bar, uliobuniwa nchini katika miaka ya sabini kwa ushirikiano na Canada, una vijiti vilivyoshikana juu, hivyo mfugaji hufungua upenyo mdogo tu kwa wakati mmoja. Ule wa Langstroth, ukiondolewa kifuniko, huacha fremu zote wazi, na huhitaji uangalifu zaidi wa moshi.

Ni vyema kazi ifanywe na watu wawili, mmoja akishughulikia masega na mwingine moshi. Kazi ikimalizika, tundu la bomba lizibwe kwa majani mabichi, au makaa yamwagiwe maji. Lisiachwe kwenye nyasi kavu.

Kwa asiyemudu gharama, bomba moja laweza kutumiwa na wafugaji kadhaa wa kijiji, kwani hakuna anayefungua mzinga kila siku. Asali ya kwanza yaweza kungojwa msimu mzima, na mzinga wa pili waweza kungoja mwaka. Bomba la moshi ndilo lisilongoja, kwa kuwa kosa la siku ya kwanza laweza kulipiwa na mtu ambaye hata hakujua kwamba jirani yake anafuga nyuki.