Mchanga Ndio Tangi Letu

Wanafunzi wenzangu, je, mwajua kwamba mchanga wa Mto Thwake hapo zamani ulikuwa jabali? Hapa Tawa twakaa juu ya miamba mikongwe, iliyopikwa kwa joto na kugandamizwa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ardhi iliinuka, ikamomonyoka, nayo miamba ile ikatokeza juu, kama tuionavyo kwenye milima ya Mbooni. Jua huipasua, mvua huiozesha. Madini laini hugeuka udongo, na chembe ngumu husombwa hadi mtoni. Huo ndio mchanga.

Sasa sikizeni. Kati ya chembe na chembe mna nafasi. Ndoo tatu za mchanga huweza kubeba karibu ndoo moja ya maji, na jua haliyafikii kwa urahisi. Ndiyo maana wakati wa kiangazi mama zetu huchimba mtoni wakapata maji, ilhali juu ni kukavu.

Basi lori likizoa mchanga, limezoa na maji! Jabali nalo halivunjiki upesi likatuletea mwingine. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015, lakini walinzi wa mto ni sisi wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Lori kwa lori hukausha mto.