Fahamu: Sumaku inavyotibu sonona baada ya kiharusi

Uchocheaji wa ubongo kwa sumaku ni tiba isiyohitaji kisu wala nusukaputi. Koili, mara nyingi yenye umbo la namba nane, huwekwa kichwani upande wa kushoto, juu ya paji. Mapigo yake hupenya fuvu na kuamsha neva. Mgonjwa husikia tiki-tiki kali na kuhisi kama kidole kinamgonga ngozini.

Kwa nini baada ya kiharusi?

Takriban theluthi moja ya walionusurika hupata sonona, nayo hujificha: mzee asiyekula wala kunyoosha mkono uliopooza husemwa amechoka tu.

Ilikotoka

Mwanasayansi Anthony Barker na wenzake waliionyesha mbinu hii Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Marekani iliidhinisha kifaa cha kutibu sonona mwaka 2008. Kwa sonona ya kiharusi, majaribio yanatia moyo, ila mengi ni madogo. Hatari kubwa, japo adimu, ni kifafa cha ghafla. Aliyewekewa chuma kichwani kwa kawaida hapewi tiba hii.

Na huko Turkana, Kenya?

Tiba huchukua siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Kwa mkazi wa Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda, hata mji wa Lodwar ni safari, sembuse Nairobi. Vidonge kama fluoksetini, ushauri nasaha na mazoezi ya viungo ndivyo vilivyo karibu zaidi.